Barua ya wazi kwa mkubwa mmoja wa Nakuru

Kwa Mheshimiwa,

Jina lako silitaji, wala la ofisi yako. Unajijua. Nakuandikia kwa heshima, ile iliyobaki.

Ijumaa mlibandika orodha ya walioajiriwa. Nilisoma majina ya pili toka juu hadi chini nikadhani ni kamati ya harusi ya ukoo mmoja. Binti yangu ana diploma ya uhasibu. Kwenye mahojiano aliulizwa kwao ni wapi, akajibu Kaptembwo, mtaa wa hapa Nakuru alikozaliwa. "La, kwenu kabisa?" Huo ndio uhasibu mnaotahini siku hizi?

Nakukumbusha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 7: taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Ilipitishwa mwaka uleule tuliolala na watoto kwenye uwanja wa maonyesho hapa Nakuru, tumefukuzwa makwetu na ghasia za uchaguzi. Nawe ulipoapishwa ulituahidi ofisi yenye "sura ya Kenya". Tulikupigia makofi.

Usidhani nalilia kazi moja tu. Mwenye mshahara wa serikali hukopa kwenye sacco kwa riba nafuu, akanunua ploti, akajenga vyumba vya kupangisha, na mpangaji wake ni mimi. Mimi nauza omena. Nikikwama nakopa kwa simu, na riba yake Mungu anaijua. Karo ikichelewa mtoto anarudishwa nyumbani. Hivyo ndivyo majirani wa ploti moja wanavyoachana, kabila hili likipanda na lile likibaki chini, kisha uchaguzi ukikaribia mnatuletea wahubiri watuombee amani!

Pengine si wewe. Pengine ni wale wanaokupigia simu usiku wakiwa na majina ya watu wao mfukoni. Maana hata maskini wa kabila lenu kule mtaani Rhonda sikuwaona kwenye orodha.

Ombi langu ni moja: toa hesabu. Kila kabila lina watu wangapi kwenye ofisi yako, na wako ngazi gani ya mshahara. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa siku 21 kumjibu mwananchi aliyeomba kwa maandishi. Haya ndiyo maandishi. Toa hesabu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu, bado,
Mama muuza omena, Kaptembwo