Kabla Hujanunua Vishikwambi

Chamwino, Dodoma
11 Januari

Rafiki yangu mpendwa,

Mbukwenyi! Barua yako niliipokea juma lililopita, lakini mvua zilikuwa zimeanza kunyesha na kila mwenye jembe alikuwa shambani, mimi nikiwamo. Uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Nimefurahi kusikia kwamba fedha za maktaba yako ya kidijitali zimekaribia kutimia. Hata hivyo, kabla hujanunua hivyo vishikwambi, nakuomba unisikilize, kwa kuwa katika jambo hilihili, la kuwafikishia wakulima taarifa kwa vifaa vya kidijitali, mimi nimekwisha kosea.

Msimu wa mwaka juzi nilijitolea kuwatumia wenzangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ujumbe wa simu wenye utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kama ujuavyo, msimu wetu ni mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni takribani milimita 500 hadi 600, kwa hiyo anayekosea wakati wa kupanda hana vuli wala masika ya kujirekebishia. Nilinakili maneno ya utabiri kama yalivyo: mvua za wastani hadi chini ya wastani. Siku ya kikao, mama mmoja mtu mzima alinipa simu yake ndogo ya kitochi nimsomee. Nilisoma, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wastani wa shamba la nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Alichotaka kujua ni kama apande uwele kwenye kichanga mapema, au aanze na mtama kule mbugani ambako udongo mweusi hushika maji. Akanieleza kwamba yeye hutazama mibuyu inavyochipua na upepo unakotokea, ila akakiri, bila mimi kumwuliza, kwamba miaka hii dalili hizo zimeanza kumdanganya. Kumbe utabiri aliuhitaji kweli. Ni mimi niliyempelekea ukiwa haujapikwa.

Kongwa si mbali na hapa, na kila nipitapo huko huwakumbuka Waingereza walioanza kulima karanga kwa matrekta mwaka 1947. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kupindukia, mvua ikawa haba, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umevunjwa. Wakati huo wazee wa Ugogo walikuwa bado wakisimulia njaa ya Mtunya, ile ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, na sidhani kama simulizi hizo zilihesabiwa kuwa taarifa.

Basi msimu uliofuata tulibadili utaratibu. Utabiri ulipotoka, tuliketi na wazee wanne na afisa ugani, tukabishana jioni nzima kuhusu kila aina ya udongo, ndipo mzee mmoja akayasema makubaliano yetu kwa Kigogo, nami nikamrekodi kwa simu. Sauti hiyo tulimpa kijana anayechaji simu kwa sola mnadani na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Aliyekuja kutaka nyimbo aliondoka na utabiri pia, bila bando na bila kutafuta mtandao. Mnara upo, lakini ng'ambo ya kilima simu ni ya kusikilizia nyimbo tu.

Njia hiyohiyo tumeitumia kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwamba mahindi yenye ukungu hayafai, watu walijua. Wasilolijua ni kwamba punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa na sumu. Hilo lilitoka kwa wataalamu. Lakini ushauri wa kuanika juu ya turubai uliwashinda wasio na fedha ya turubai, mpaka bibi mmoja alipowakumbusha kichanja cha miti, ambacho hunyanyua mazao kutoka ardhini na kupitisha hewa chini yake. Katika rekodi yetu wanasikika wote wawili, mtaalamu kwanza na bibi baadaye.

Si kila kitu kirekodiwe, lakini. Mzee mmoja alipofika kwenye dawa za mizizi aliniomba nizime simu, nikaizima, na ninakusihi nawe uweke sharti hilo tangu mwanzo: mwenye maarifa aulizwe yaende wapi na yaishie wapi.

Ombi langu, kwa hiyo, ni hili: vishikwambi vitano vinatosha. Fedha itakayobaki inunue kinasa sauti kizuri na memori kadi za kutosha, na iliyo nyingi zaidi iwalipe wafasiri, kwa kuwa kazi hiyo watu huidhani ya bure. Ukikusudia kufika Kondoa, tafuta mapema mtu anayezungumza Kirangi, maana mzee wetu wa Kigogo hatakufaa huko. Mimi nitakuja Morogoro palizi ikiisha, nikiwa na rekodi zote, uzisikilize mwenyewe kabla hujatoa oda.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako wa siku zote