Barua ya wazi kwa akina mama wa likelemba ya Kadutu kuhusu damu tunayoiita bawasiri

Binti zangu na wadogo zangu wa likelemba, kikundi chetu cha kuchangiana fedha kwa zamu,

Ninawaandikia mimi mama yenu, niliyefanya kazi ya uuguzi hapa Bukavu hadi nywele zikawa nyeupe. Mara ngapi nimemwona mama sokoni amekaa upande mmoja wa kigoda, akipima maharage kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ameuegemeza kwenye gunia ili asiketi sawasawa. Ukimuuliza, anakujibu haraka kuwa ni bawasiri, na kwamba dawa ya mizizi anayo nyumbani ndani ya chupa ya soda. Huenda ni kweli, kwa maana bawasiri ni ugonjwa wa kawaida, hasa kwetu tuliozaa. Lakini saratani ya njia ya haja kubwa nayo huanza vivyo hivyo, kwa damu kidogo, muwasho, maumivu, au kiuvimbe kama punje ya hindi, na mgonjwa mwenyewe hawezi kuitofautisha na bawasiri.

Saratani hiyo ni nadra kuliko ile ya mlango wa kizazi, ila chanzo chao ni kimoja, virusi vya papiloma. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyetambua aina ya 16 na ya 18 za virusi hivyo katika saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 1983 na 1984, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Leo tunajua kwamba saratani takriban 9 kati ya 10 za njia ya haja kubwa zinatokana na virusi hivyo hivyo, hasa aina ya 16.

Sasa niseme linalotufunga midomo. Mama anaogopa kwamba akitaja sehemu hiyo, watu watauliza amelala na mumewe kwa namna gani. Ni kweli kwamba tendo la njia ya nyuma huongeza hatari, kwa mwanamke na kwa mwanamume, lakini virusi hivi hupita kwa ngozi kugusana na ngozi, na vinaweza kufika huko bila tendo hilo kabisa. Wengi wetu tuliowahi kuwa na mwenzi tumekutana navyo wakati fulani, na mara nyingi mwili huvishinda katika mwaka mmoja au miwili. Vikibaki, hukaa kimya miaka mingi kabla ya kudhuru, kwa hiyo mtu asivunje ndoa kwa kutafuta nani alivileta mwezi uliopita. Nimeshuhudia machozi ya namna hiyo, nayo hayakumponya mtu.

Aliye na virusi vya SIDA, yaani UKIMWI, aliyewahi kutibiwa mlango wa kizazi kwa sababu ya virusi hivi, na anayevuta sigara wako katika hatari zaidi, na wamwambie daktari hivyo bila kusubiri kuulizwa. Kipimo cha kwanza ni chepesi: unalala kwa ubavu, magoti umeyakunja, kitenge kimekufunika, naye daktari anavaa glavu, anapaka mafuta na kupima kwa kidole kimoja. Ni dakika chache tu. Namkumbuka mama mmoja aliyepewa dawa za bawasiri mara tatu katika kituo kimoja bila mtu kumwangalia, na hadi leo jambo hilo linaniuma. Ukipewa dawa bila kuangaliwa, sema kwa heshima: «Daktari, naomba uniangalie kwanza.» Akiona jambo la shaka, atakata kipande kidogo kipelekwe maabara.

Ikigunduliwa mapema, saratani hii mara nyingi hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa, bila kuondoa njia ya haja. Mashine za mionzi ziko mbali nasi, safari ni ghali, na ndiyo maana nawasihi msipoteze miezi kwa chupa za mizizi. Tena kuna chanjo, ambayo hufaa zaidi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana na virusi, ingawa haiponyi maambukizi yaliyokwisha kuingia. Ulizeni habari zake kwenye kituo cha afya mnapowapeleka watoto.

Jumamosi, likelemba ikiisha, nitabaki nyumbani kwangu hadi jioni. Mwenye neno aje peke yake, mlango tutaufunga, na akitaka nimsindikize hospitali Jumatatu asubuhi, nitamsindikiza.

Mama yenu, muuguzi mstaafu, Bukavu