Barua kwa Baba Salma: Kizibao cha Reflekta na Usalama wa Mwendesha Pikipiki

Sinza, Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa Baba Salma,

Natumaini barua hii itakukuta wewe, Mama Salma na watoto mkiwa wazima wa afya, kama sisi tulivyo huku kwa uwezo wa Mungu. Ama baada ya salamu, nimeisoma barua yako unayonieleza kwamba umenunua pikipiki, kwamba kuanzia mwezi ujao utakuwa ukiitumia kutoka Mbezi hadi Posta badala ya kugombania daladala, na kwamba mwenzako wa ofisini amekuambia usipoteze fedha kununua kizibao cha reflekta kwa kuwa bodaboda wanavivaa na bado wanagongwa. Umetaka kujua nasema nini. Nasema kinunue na ukivae kila siku, ila ujue vizuri kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi, kwa sababu anayenitia hofu zaidi barabarani ni mtu anayeendesha akiamini kwamba ameshaonekana.

Hoja ya mwenzako siidharau, kwa kuwa inatokana na mambo anayoyaona, lakini haithibitishi anachodhani. Dereva wa bodaboda hushinda barabarani tangu alfajiri hadi usiku, hubeba abiria, hupita katikati ya foleni akiwahi hesabu ya tajiri, na kwa hiyo angekutana na ajali nyingi kuliko mimi na wewe hata angevaa nini. Ukiwahesabu waliogongwa wakiwa na vizibao bila kuwahesabu waliovaa vilevile na wakafika nyumbani salama, bado hujapima kitu.

Waliojaribu kupima kwa njia hiyo ya haki ni watafiti wa Auckland, nchini New Zealand, ambako magari hupita kushoto kama kwetu. Kati ya mwaka 1993 na 1996 waliwachukua waendesha pikipiki 463 waliojeruhiwa au kufariki katika ajali, wakawalinganisha na wengine 1,233 waliochaguliwa katika barabara za eneo hilohilo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004 katika jarida la kitabibu la BMJ. Waliovaa nguo yoyote ya kuakisi mwanga au ya floresenti, yaani ya rangi kali inayong'aa mchana, walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 37 kuliko wasiovaa. Kofia ngumu nyeupe, ikilinganishwa na nyeusi, iliambatana na upungufu wa asilimia 24, na kuwasha taa ya mbele mchana kuliambatana na upungufu wa asilimia 27. Jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama ni kwamba rangi ya kawaida ya nguo ya kifuani, pamoja na rangi ya pikipiki yenyewe, hazikuonyesha uhusiano wowote na ajali. Kwa hiyo usije ukafikiri kwamba shati lako jeupe la kazini litafanya kazi ya kizibao.

Takwimu hizi nakuandikia kwa tahadhari. Mtu anayejali kuvaa kizibao huenda ndiye huyohuyo anayepunguza mwendo kwenye makutano na asiyeendesha akiwa amelewa, na ingawa watafiti walizingatia mambo kadhaa ya namna hiyo katika hesabu zao, tabia ya mtu haiondoki yote kwa hesabu. Aidha, barabara za Auckland hazina daladala inayochomekea ghafla kufuata abiria wala mkokoteni unaovuka gizani. Mimi naichukua ile asilimia 37 kama ushahidi kwamba faida ipo, na siichukui kama kipimo cha faida utakayoipata wewe kwenye Barabara ya Morogoro.

Sasa niruhusu nieleze jinsi kizibao chenyewe kinavyofanya kazi, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hupotea. Kizibao kina vitu viwili vyenye kazi tofauti kabisa. Kitambaa chake cha njano inayoelekea kijani, au cha rangi ya chungwa, ni cha floresenti: hupokea miale ya urujuanimno ya jua ambayo jicho haliioni, na kuitoa tena ikiwa mwanga unaoonekana, na ndiyo maana rangi ile huonekana kali kuliko vitu vyote vya jirani, hasa alfajiri, jua linapoelekea kuzama na siku ya mawingu mazito. Giza likishaingia, kazi hiyo hukoma, kwa sababu taa za magari na za barabarani hazina miale hiyo ya kutosha. Hapo huanza kazi ya ule ukanda wa rangi ya fedha, ambao una chembe ndogo mno za kioo zinazourudisha mwanga kulekule ulikotoka, kama macho ya paka yanapomulikwa usiku.

Neno la kushika hapo ni kwamba mwanga hurudi ulikotoka. Dereva aliye nyuma yako akiwa amewasha taa atakuona kutoka mbali, na kwa hilo ukanda ni msaada mkubwa sana. Lakini mfikirie dereva aliyesimama kwenye barabara ya mtaani akisubiri kuingia barabara kuu. Taa zake zinamulika ng'ambo ya barabara, hazikumuliki wewe unayetokea ubavuni, na kwake ukanda wako ni kitambaa cha kijivu tu mpaka uwe umeshafika mbele ya boneti yake. Usiku, kinachokuonyesha kwa mtu huyo ni taa yako ya mbele, na kizibao hakina la kumsaidia. Wakati huohuo, makutano ya namna hiyo ndipo mahali penye hatari kubwa kwetu. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, waliochunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles na kutoa ripoti yao mwaka 1981, walikuta kwamba katika ajali zilizohusisha pikipiki na chombo kingine, takriban theluthi mbili zilitokea kwa sababu dereva wa chombo kingine aliinyima pikipiki haki yake ya kupita.

Kuna jambo jingine linaloihusu safari yako hasa. Barabara ya Morogoro inakwenda kwa jumla kutoka magharibi kuelekea mashariki unapokuja mjini, maana yake asubuhi utakuwa unaelekea jua linakochomoza na jioni unarudi ukilielekea linakozama. Madereva walio nyuma yako watakuwa wanalitazama jua hilohilo asubuhi na jioni, huku mgongo wako ukiwa upande wa kivuli. Katika hali hiyo kitambaa cha floresenti hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na unachobaki nacho ni umbo jeusi mbele ya mwanga mkali. Watafiti wa Israel walionyesha mwaka 2012 kwamba katika mazingira ya mji yenye rangi nyingi, nguo nyeupe na za kuakisi ziliwasaidia watazamaji kuitambua pikipiki, ilhali katika barabara za nje ya mji, pale nyuma ya mwendeshaji palipokuwa na anga angavu peke yake, nguo nyeusi ndizo zilizoonekana vizuri zaidi. Sikuandikii haya ili uvae nyeusi, kwa kuwa safari moja ya Mbezi hadi Posta ina mandhari za kila aina. Nakuandikia ili ujue kwamba kinachoonekana ni tofauti kati yako na kilicho nyuma yako, na kwamba tofauti hiyo hubadilika kila baada ya mita mia kadhaa. Kwa hiyo saa zile za jua la chini hakikisha taa yako ya nyuma ni safi na inawaka kwa nguvu, na unapotaka kusimama anza kugusa breki mapema ili aliye nyuma aone taa nyekundu kabla hajakukaribia.

Halafu lipo lile ambalo hakuna nguo inayoweza kulitibu. Dereva anaweza kuelekeza macho yake kwako na bado akakatisha mbele yako. Wakati mwingine akili yake inatafuta magari na malori, na kitu chembamba kama pikipiki kinapita mbele ya macho bila kuandikwa popote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2019, waliona kwamba madereva waliotumia mashine ya kuigiza uendeshaji waliweza kuitazama pikipiki inayokuja na muda mfupi baadaye, wakiwa bado hawajaondoka kwenye makutano, wasiikumbuke. Wakati mwingine anakuona vizuri kabisa, lakini kwa kuwa pikipiki ni ndogo anadhani iko mbali zaidi na itachelewa kufika, basi anaingia akiamini ana nafasi. Kizibao humwongezea uwezekano wa kukuona. Hakimfundishi kukadiria mwendo wako. Dawa ya hapo iko mikononi mwako mwenyewe: punguza mwendo unapokaribia kila barabara ya pembeni, sogea mahali ambapo dereva anaweza kukuona mapema badala ya kujificha nyuma ya lori, na tazama tairi lake la mbele, kwa kuwa tairi likianza kuzunguka utajua nia yake kabla uso wake haujakuambia.

Taa ya mbele uiwashe mchana kutwa. Malaysia ililazimisha jambo hilo kwa waendesha pikipiki wote mwaka 1992, na tathmini iliyofuata ilikuta kwamba ajali zinazotokana na pikipiki kutoonekana zilipungua kwa takriban asilimia 29. Haikugharimu kitu zaidi ya kubonyeza swichi. Pikipiki nyingi za siku hizi huwasha taa zenyewe injini inapowaka. Kama ya kwako si ya aina hiyo, fanya iwe desturi kabla ya kuweka gia ya kwanza. Watu watakuonyesha ishara njiani kwamba umesahau kuzima. Waitikie kwa mkono na uendelee.

Kama fedha haitoshi kununua kila kitu kwa pamoja, anza na kofia ngumu, tena iliyo bora, yenye kufunika uso mzima na mkanda unaokaza chini ya kidevu, na ikiwezekana iwe nyeupe. Tathmini ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa mambo ya afya, iliyokusanya tafiti nyingi pamoja, ilionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69 kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali. Ushahidi huo ni mzito kuliko wote niliokwisha kukutajia, na kofia inakulinda hata pale ambapo aliyekugonga hakukuona kabisa.

Ukifika Kariakoo kutafuta kizibao, usinunue kwa kutazama rangi peke yake. Omba kukitazama mahali penye giza kidogo, weka tochi ya simu karibu na jicho lako, umulike ule ukanda ukiwa umesogea hatua kadhaa nyuma. Ukanda wa kweli utakuwakia machoni, na ule wa bandia utabaki kijivu. Angalia pia kwamba ukanda umezunguka kiwiliwili chote, pamoja na mabega, kwa kuwa unahitaji kuonekana pande zote. Rangi ya floresenti hufifia kwa jua letu na kwa kufuliwa, hivyo ukikiona kimepauka ujue kimekwisha hata kama hakijachanika, na usikione uchungu kukibadilisha.

Kuna makosa mawili ninayoyaona kila jioni kwa watu wa ofisini, na nakuomba uyaepuke. La kwanza ni begi la mgongoni, ambalo hufunika karibu ukanda wote ambao dereva wa nyuma angeuona. Afadhali uliweke kwenye sanduku la nyuma ya kiti, au ununue kifuniko cha begi chenye reflekta. La pili ni koti la mvua. Masika yakianza, watu huvaa makoti meusi juu ya vizibao wakati ambao mwanga ni hafifu na vioo vya magari vimejaa maji, yaani saa ileile ambayo kizibao kinahitajika zaidi. Nunua kizibao kikubwa kidogo ili kivaliwe juu ya koti. Na siku utakapomsindikiza Mama Salma mpe naye kizibao na kofia, kwa sababu mgongo utakaotazamwa na gari la nyuma utakuwa wake. Wakenya waliliona hilo walipoirekebisha Sheria yao ya Trafiki mwaka 2012, wakataka dereva na abiria wote wawili wavae kofia ngumu na jaketi lenye reflekta. Nilifurahi sana kuona abiria amekumbukwa.

Zaidi ya hayo, kizibao kina faida ambayo watu hawaitaji sana, nayo ni pale pancha inapokukuta usiku. Ukiwa umechuchumaa kando ya barabara, pikipiki imezimwa na taa hazipo, ule ukanda ndio peke yake unaomwambia mwenye lori kwamba pana mtu. Ufaransa, ambayo haiwalazimishi waendesha pikipiki kuvaa vizibao wakiwa safarini, imewataka tangu mwaka 2016 wawe nacho na wakivae wanaposimama barabarani kwa dharura.

Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, nitapanda kuja huko Mbezi. Nitakuja na kizibao changu cha akiba ili tukilinganishe na kile utakachokuwa umenunua, na jua likizama tutaipanga pikipiki yako barabarani, mimi nisimame kwa mbali na gari la shemeji, tuone taa zako zinaonekanaje kutoka mbele, nyuma na ubavuni. Kama kuna balbu ya kubadilisha niambie aina yake mapema ili nipite dukani.

Nisalimie Mama Salma na watoto wote.

Wako akupendaye,
Baba Imani