Yetu yako barazani, yao yako ndani

Ndugu Mhariri,

Nyumba ya kwetu ina baraza na ina ndani. Mpita njia hukaribishwa barazani. Anayetaka kuingia hupiga hodi, na hodi tatu zisipojibiwa hurudi zake. Afisi na maduka yetu mengi yameupindua mpango huo: habari za mwananchi zimetandazwa barazani, kila apitaye azisome, na habari za afisi zenyewe zimefungiwa ndani. Naomba nafasi nieleze maradhi haya, maana dawa yake kwa sehemu kubwa haina gharama.

Tuanze kwa wakala wa pesa za simu. Daftari lake limepigwa safu kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, saini. Ukishatoa fedha unageuziwa daftari utie saini, na juu ya mstari wako wanaonekana wote waliokutangulia tangu asubuhi. Huyu katoa 40,000, yule katoa 600,000, na namba zao pembeni. Mwenye simu ya kamera akisimama nyuma ya bega lako hahitaji zaidi ya sekunde mbili. Jioni mwenye laki sita anapigiwa simu: "Ule muamala wako wa leo umekwama, tuthibitishie namba ya siri." Anatajiwa jina lake, kiasi na mahali. Ataachaje kuamini?

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, inaongeza khatari. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Namba ya siri ya pesa za simu ina tarakimu 4, na watu chungu nzima huweka mwaka wao wa kuzaliwa kwa kuwa hausahauliki. Mstari mmoja wa daftari basi unampa tapeli simu ya kupiga na namba ya kwanza ya kujaribu. Aliyeweka mwaka wake abadilishe leo hii.

Wakala anaweza kuliziba tundu hili kwa boksi la biskuti. Kata kipande cha kadibodi chenye upana wa ukurasa, kitoboe dirisha la mstari mmoja, ukilaze juu ya daftari na kukibana kwa kibanio. Mteja ataona mstari wake tu. Dirisha lisizidi sentimita moja. Ukikata pana, mstari wa juu unachungulia na kazi yote imepotea.

Hapo hapo kwa wakala, angalieni vidole vyenu wakati wa kusajili laini. Unaambiwa kidole hakikusoma, weka tena. Na huko kuweka mara ya pili huenda kukasajili laini nyengine kwa jina lako, ikauzwa kwa mtu usiyemjua. Si kila mashine inayogoma ni wizi, kwani vidole vya wavuvi na wakulima wa mwani kweli husomeka kwa taabu. Lakini ukitoka tu, piga *106# uhakikishe ni namba ngapi ziko chini ya kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, rudi kwa mtandao husika na kitambulisho mkononi uikane. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, upeleke pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040.

La pili ni kopi ya kitambulisho. Kila mlango unaoombea shida unataka kopi, na hakuna anayeuliza kopi za mwaka juzi zimekwenda wapi. Kabla ya kuikabidhi, chora mistari miwili ya mshazari kwa peni ya wino, na kati yake andika: "Kwa maombi ya (taja jambo) tu", kisha tarehe. Maandishi yapite ukingoni mwa picha bila kuifunika sura wala namba, la sivyo karani atakurudishia. Kopi iliyoandikwa hivyo si rahisi kupelekwa mahali pengine kuombea mkopo kwa jina lako. Afisi nayo, ikiwa inataka kuthibitisha tu kwamba wewe ni wewe, ingetosha karani akakiangalia kitambulisho, akaandika kwamba amekiona, akakurudishia.

Dukani kwa kopi kuna jengine. Siku hizi unaambiwa, "Nirushie WhatsApp nikutolee." Picha hiyo inabaki katika simu ya duka, inabaki katika kompyuta iliyounganishwa na simu hiyo, na mara nyengine inapanda katika hifadhi ya mtandaoni bila hata mwenye duka kujua. Kuifuta katika simu yako na ya duka kwa pamoja kunawezekana kwa muda usiozidi siku mbili na nusu, na hakuifuti nakala iliyokwisha kupakuliwa katika kompyuta. Kwa hivyo simama pale pale, iangalie ikifutwa katika faili la vipakuliwa, kisha katika pipa la taka la kompyuta, kisha katika simu. Ni haki yako, wala si utovu wa adabu. Tena mashine nyingi kubwa za kopi zina diski ndani inayoweza kuhifadhi sura za karatasi zilizopita, na mashine ikiuzwa, diski inaondoka nayo. Zile kopi zilizotoka nyeusi au zimepinda, ondokeni nazo. Zikiachwa huishia kukunjwa karatasi ya kufungia njugu, na mla njugu akimaliza anabakiwa na jina, sura na namba ya mtu.

Nani anabanwa na sheria? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inataka taarifa zichukuliwe kwa lengo maalumu, zisizidi lengo hilo. Lakini kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Simu na benki ni mambo ya Muungano, hivyo kampuni za simu na mabenki zimo, na malalamiko dhidi yao yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Daftari la sheha (msimamizi wa shehia, yaani mtaa au kijiji), faili la spitali, orodha za skuli zetu, hayo si ya Muungano, nayo ndiyo yanayojua ndani ya nyumba zetu kuliko benki yoyote. Kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalinda faragha ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Naliomba Baraza la Wawakilishi likipe kifungu hicho meno kwa sheria yenye muda wa kuhifadhi na adhabu ya kuvujisha, kabla hatujaongezewa mfumo mwengine wa kompyuta.

Sisemi watu wasiandikishwe. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na Skagit Julai 2012, kila mwenye jamaa chomboni alitaka orodha ya abiria iliyo sahihi. Orodha ile ina kazi inayojulikana, na kila jina lililomo lina sababu ya kuwamo. Daftari la wageni la getini linalotaka namba ya simu ya kila aingiaye, likakaa wazi juu ya meza mwaka mzima, sababu yake ni ipi?

Sasa geuza upande. Mwananchi akienda kuuliza mkataba wa banda la soko au wa kisima cha shehia ni wa kiasi gani, anajibiwa ni siri ya serikali. Bara kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Sheria hiyo haivuki bahari. Sisi tunacho kifungu cha 18 cha Katiba yetu, chenye haki ya kupewa habari, na kitumike. Andika ombi kwa barua, nakala mbili. Taja karatasi unayoitaka kwa jina: mkataba, hati ya malipo, ripoti ya kukabidhi kazi. Ukiomba "taarifa za mradi" utapewa maneno matupu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana bila muhuri huo barua haikufika.

Misaada inapogaiwa, majina ya waliopata yana sababu ya kubandikwa, ili wanakijiji wamjue aliyeandikwa na hali hayupo kijijini. Namba zao za simu na za vitambulisho hazina. Zikatwe, na nafasi yake katika ubao wa sheha ibandikwe karatasi moja ya kila mradi: jina la mkandarasi, kiasi cha mkataba, kilicholipwa hadi leo, na siku ya kumaliza.

Mkaazi wa Chake Chake,
Pemba