Wamekata miti karibu elfu moja ili maji yasituingilie

Shosti, vipi hali, bi mkubwa hajambo? Uliniuliza kwenye voisi kama ni kweli huku kwetu walikata miti elfu nzima kisa mafuriko na mi nakaa hapohapo sijawahi kukusimulia. Ni kweli, karibu elfu, na hadithi yenyewe ndefu ndo maana nimeamua kuandika, chukua chai yako ukae.

We Manhattan ya hapa New York unayoijua ni ya kwenye sinema, maghorofa ya vioo na mataa. Huku Lower East Side kando ya maji kumejaa flati za serikali za matofali mekundu, wanakaa wazee wa Puerto Rico, Wachina, Wamarekani weusi, na sisi wakuja tuliobanwa na kodi. Mbele ya flati kuna barabara kuu inaitwa FDR, magari hayalali, ukiivuka kwa daraja la miguu ndo unatokea East River Park, bustani ndefu imelala kando ya maji, ilifunguliwa 1939 enzi za Robert Moses, yule aliyejenga sijui nusu ya mji huu. Na huo mto wenyewe ni mto kwa jina tu, ni mkono wa bahari, maji ya chumvi yanajaa na kupwa.

Sasa 29 Oktoba 2012 kikaja kimbunga Sandy. Mi nlikuwa bado Dar lakini jirani yangu mmoja, bibi wa Kipuertoriko, kila mvua kubwa ikinyesha lazima anisimulie upya, maji yalivuka bustani yakavuka FDR yakaingia mtaani mpaka Avenue C magari yanaelea, kituo cha umeme cha kule mtaa wa 14 kikalipuka na Manhattan yote ya chini ikawa giza. We umekulia karibu na Jangwani unayajua maji, lakini fikiria uko ghorofa ya 12, lifti haifanyi kazi, na bila umeme pampu haipandishi maji kwahiyo hata choo hakiflashi, na wewe mgonjwa wa miguu. Vijana wa mtaani ndo walikuwa wanapanda ngazi na ndoo, siku hadi siku. Kwahiyo mtu akikwambia watu wa huku wanapenda miti kuliko usalama wao mwambie aje aongee na huyu bibi.

Baada ya hapo serikali ikaamka. 2014 serikali kuu ikatoa dola milioni 335 za kuanzia na wakaanza kukaa na wananchi, vikao juu ya vikao, watu wametoka kazini wamechoka wanakaa kwenye viti vya plastiki wanachora kwenye ramani. Wakakubaliana tuta lijengwe upande wa barabara, pembeni ya FDR, bustani ibaki palepale chini, maji yakija yaingie bustanini yaishie hapo, yakipungua yatoke. Miti mingi ingebaki. Miaka minne ya vikao, shosti.

Halafu 2018 ofisi ya meya, wakati huo de Blasio, wakageuza. Tuta la barabarani hakuna tena, bustani yote inafukiwa kwa udongo, inanyanyuliwa futi 8 mpaka 10, bustani yenyewe ndo inakuwa ukuta. Na bei ikapanda kutoka kama milioni 760 mpaka bilioni 1.45. Sababu walitoa na mi siwezi kusema ni za kijinga, kwamba kujenga pembeni ya FDR ni kufunga njia za magari usiku baada ya usiku, kwamba kuna nyaya kubwa za umeme zimepita pale chini, kwamba bustani ikiachwa chini itazama kila mara na miti itakufa kwa chumvi. Hilo la chumvi ni kweli kabisa, baada ya Sandy miti ilikauka mingi tu, mti wa miaka sabini unanyweshwa maji ya bahari unadhani nini. Lakini we umekaa na watu miaka minne halafu unawaletea mchoro mwingine, yani umeshaamua unakuja kutoa taarifa! Hapo ndo imani ilipovunjika, mengine yote unayosikia yametokea hapo.

Na ukishaamua kufukia, miti haiponi, hiyo hata ukilia. Mimi nlikuwa nauliza kwa nini wasimwage tu udongo kuzunguka shina wauache mti usimame, kumbe mizizi inayofanya kazi kubwa iko juujuu tu kwenye udongo, inavuta hewa pale, ukiifunika kwa futi nane inakosa pumzi mti unakufa polepole umesimama. Kuihamisha mikubwa vile nako karibu haiwezekani, maana mizizi imesambaa. Mingi ilikuwa ile wanayoita London plane, magamba yanabanduka shina linabaki mabakamabaka, na matawi yalikuwa yamekutana juu ya njia mpaka Agosti unapita chini yake unasahau kama kuna joto.

Watu walipigana. Wakataka wataalam wa nje waukague mpango, wakaletwa Deltares, taasisi ya utafiti wa maji kutoka Uholanzi, baraza la jiji nalo likapitisha Novemba 2019, ikaenda mahakamani. Desemba 2021 mashine za kukata zikaingia. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikatoa amri ya kusimamisha, na watu wanasema misumeno iliendelea kulia hata baada ya amri, watu wakakamatwa, siku chache mbele mahakama ikaondoa amri yenyewe na hapo ikawa kwisha. Usije ukadhani ilikuwa matajiri wa miti dhidi ya maskini wa flati, hapana, ndani ya flati zilezile viongozi wa wapangaji wengine walikuwa wanasema jengeni haraka kimbunga hakisubiri, na jirani yake wa mlango wa pili amejifunga kwenye mti.

Mi msimamo wangu ukiuliza, ukuta nautaka. Mradi wote karibu kilomita 4, kutoka mtaa wa Montgomery mpaka mtaa wa 25, unakinga watu zaidi ya laki moja, siyo mchezo. Upande wa juu, kwenye bustani ndogo ya Stuyvesant Cove, wameshamaliza tangu 2023, kuna mageti makubwa ya chuma yanakaa wazi, kimbunga kikija wanayasukuma yanafunga. Na East River Park sehemu ya kwanza ilifunguliwa 2025, uwanja mzuri, nyasi, watoto wanakimbia. Miti wameahidi kupanda karibu mara mbili ya iliyokatwa, ya aina nyingi zinazovumilia chumvi na upepo. Sawa. Ila hiyo hesabu ya mara mbili inanichekesha kidogo, maana mche umefungwa kamba kwenye fito mbili na mti wa miaka themanini wanauhesabu wote kuwa mmoja mmoja. Kivuli cha kweli kitakuja miaka ishirini, thelathini, na bibi jirani yangu ana miaka 81. Alikuwa na benchi lake pale. Mpango uliwalinda wazee wasizame, jua la Julai wakawaachia wenyewe, na magari ya FDR yanapuliza moshi palepale hakuna jani la kuupunguza. Si wangepanda kwanza mitaani kwetu miaka mitano kabla ya kukata? Hela ilikuwepo, muda ulikuwepo, tangu 2014!

Basi mi nampelekaga yeye bustani nyingine Jumapili, Tompkins Square, miti mikubwa bado ipo, tunakaa anakula mapera anatukana meya wote waliopita.

Haya ngoja nikimbie kazini. Ile ya kikoba naituma Ijumaa, mwambie mweka hazina asinipige faini.