Miswaki yangu ya chupani

Kilifi, Jumapili usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi, na za babu uzifikishe. Juzi kwenye simu ulicheka niliposema nalea miswaki chupani. Ni miti yenyewe, ile ile ambayo babu huifukua mizizi nyuma ya mikoko, akaiuze mlangoni pa msikiti. Mzizi ukichimbwa mti nao hudhoofika, ndiyo maana nimejifungia humu maabara, naotesha miche mipya kwa vipande vya tawi.

Nakata kifundo cha tawi changa, pale jani linapotokea, sentimita moja na nusu hivi. Kukiosha ndiyo shughuli: sabuni, maji ya bomba nusu saa, spiriti sekunde 30, kisha jiki iliyozimuliwa. Ukizidisha jiki, kifundo kinageuka cheupe na kufa. Ukiibania, siku ya tatu chupa imeota ukungu. Wiki ya kwanza nilitupa chupa 31 kati ya 40. Nililia, sikufichi.

Chakula chao ni lile pishi la wanasayansi Murashige na Skoog la mwaka 1962, walilolibuni kwa ajili ya tumbaku: madini, vitamini, sukari gramu 30 kwa lita. Hugandishwa kwa agari, ambayo hutoka kwenye mwani, ingawa si huu unaolimwa Kibuyuni, kule Kwale. Natia homoni ya kuchipuza. Vikishajaa vichipukizi navitenganisha, nikavihamishie kwenye homoni ya mizizi.

Sasa sikia kituko. Mswaki wa nje hustahimili chumvi na jua la kaskazi, lakini huu wa chupani ni mwali wa ndani. Jani halina nta ya kutosha, na vitundu vyake vya kupumulia havijajua kujifunga. Nilitoa miche sita nikaiweka barazani kama mchicha. Adhuhuri yote imenyauka. Siku hizi naitoa kama mwali atolewavyo: kivulini, kila mche nimeufunika chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko nakilegeza kidogo kidogo kwa wiki tatu. Chumvi huja mwisho. Nilianza gramu 5 kwa lita, sasa niko 10. Bahari ina kama 35, kwa hiyo safari bado.

Miche kumi na mmoja iko hai. Ukija Idi nitakupa miwili, ila uipande upande asikopita babu.

Wako,
Somo