Gari la zimamoto haliji bila maji, huishiwa

Ndugu Mhariri,

Soko au nyumba ikiungua katika miji yetu midogo, neno la kwanza kusikika, na mara nyingine hata kuchapishwa gazetini, ni kwamba zimamoto wamekuja bila maji. Sisi tulioifanya kazi hiyo mpaka tukastaafu tunaomba nafasi tupige hesabu.

Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja mkubwa ukifunguliwa sawasawa hutoa kama lita 500 kwa dakika. Hizo ni dakika 10. Moto ukitaka kurukia nyumba ya pili lazima utandaze mipira miwili, na hapo zinabaki dakika 5. Anayefika dakika ya sita atawakuta askari wameshika mpira uliolegea, naye ataapa kwamba gari lilikuja tupu. Tangi hukaguliwa kila zamu inapopokezana na hujazwa mpaka juu, na sababu si moto peke yake: tangi likiwa nusu, maji huyumba kwenye kona na yanaweza kulipindua gari.

Cha kujiuliza, basi, ni maji ya dakika ya sita yatoke wapi. Yako chini ya mifuniko ya chuma kando ya barabara, kwenye visima vya zimamoto vilivyoungwa na mabomba ya maji ya mji, ambavyo mafundi huviita haidranti. Kuvizungukia hivyo ndiyo kazi kubwa ya kila mwezi ya kituo kidogo, ingawa mpita njia akiwaona askari wawili wanachokoa shimo barabarani hudhani wametumwa kufukua mtaro.

Mfuniko hufunguliwa, kisha shimo hutolewa mchanga, chupa za plastiki na chochote ambacho mvua imeshusha. Meno ya mdomo wa bomba hukaguliwa, kwani yakilika, bomba la kusimamisha, lile linalofungwa hapo ili kuunganishia mpira, haliumi na maji huvuja pembeni. Bomba hilo likishafungwa, valvu hufunguliwa kwa ufunguo wake taratibu, huku mizunguko ikihesabiwa. Kama mwezi uliopita ilizunguka mara 12 na leo imegoma kwenye 5, kuna kutu au jiwe. Maji ya kwanza hutoka na matope. Yaachwe mpaka yawe safi, maana mchanga ule ukiingia kwenye pampu ya gari huila ndani kwa ndani. Kufunga kunataka utaratibu kuliko hata kufungua: ukikaza kwa ghafla, maji yanayokimbia bombani husimama kwa kishindo, na kishindo hicho hupasua bomba mtaa wa pili. Hapo ndipo ugomvi na watu wa maji unapoanza. Halafu ni grisi, rangi, na daftari: presha, siku, saa.

Saa isisahaulike kuandikwa, kwa sababu ya mgao wa maji. Kisima kilichotoa maji vizuri Jumanne saa nne asubuhi kinaweza kuwa kikavu Alhamisi usiku. Kituo makini kina ratiba ya mgao ukutani na namba ya fundi wa zamu anayejua ni valvu ipi ya kufungua ili maji yaelekezwe upande wa moto. Tena kupima presha maji yakiwa yamesimama tu ni kujidanganya. Geji husoma bar 3 (bar ni kipimo cha presha), ukifungua mshale unaanguka karibu na sifuri, kumbe bomba lenyewe ni jembamba au limejaa kutu.

Visima hivi hupotea machoni pa watu. Mkandarasi wa barabara humwaga lami juu ya mfuniko, mwenye duka hupanga tofali za sakafu, mama ntilie huweka jiko lake pale. Mama ntilie hatumlaumu hata kidogo, kwani hakuna alama iliyomwambia kuna nini chini.

Pasipo visima, gari hufyonza maji mtoni, bwawani au kwenye tangi la shule. Hapa pampu ina mpaka wake. Kinadharia hewa inaweza kuyasukuma maji juu kama mita 10, lakini kwa vitendo hesabu 7, na katika miji ya milimani kama Njombe pungufu ya hapo, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Ndiyo maana kila mwezi pampu hupimwa ikiwa kavu: milango yote hufungwa, hewa hutolewa, kisha hutazamwa kama mshale wa geji unatulia. Ukirudi haraka, mtuhumiwa wa kwanza ni washa ya mpira kwenye kiungio, iliyokauka ikapasuka. Washa ya bei ya soda huifanya pampu ya mamilioni ivute upepo.

Mipira ya maji hukunjuliwa na kukunjwa upya pahali pengine, kwa sababu mkunjo ule ule ukikaa miezi ndipo mpira unapokatikia. Ikilowa, hukaushwa kivulini. Mitungi ya hewa ya kuingilia kwenye moshi hufunguliwa, hufungwa, na geji hutazamwa kwa dakika moja: ikishuka zaidi ya bar 10, seti hiyo haiingii kazini. Kwenye mabweni ya shule, askari hatazami vizimia moto tu. Hushika nondo za madirisha na kuuliza ufunguo wa mlango wa pili anao nani usiku. Moto wa bweni la sekondari ya Shauritanga, Rombo, uliua wasichana wapatao 40 mwaka 1994, na bado yapo mabweni yenye mlango mmoja.

Ombi letu kwa halmashauri ni dogo. Mkandarasi asianze kumwaga lami kabla hajakabidhiwa ramani ya visima, na kila mfuniko upakwe rangi na uwekewe kibao ukutani kinachoonyesha umbali wake kwa mita. Wafanyabiashara waache nafasi ya mita tatu kuzunguka mfuniko. Lori likiegeshwa juu yake, kisima hicho hakipo.

Na wananchi, pigeni 114 mkiona moshi, kabla ya kurekodi video na kabla ya kumpigia mwenye nyumba. Tajeni mtaa, alama inayojulikana na kinachoungua, kisha mtu mmoja asimame njia panda kulielekeza gari. Lita 5,000 zinautosha moto wa chumba kimoja. Ukishafika kwenye safu ya vibanda, haziutoshi.

Wastaafu wa zimamoto,
Nyanda za Juu Kusini